Tableti au chekechea ya Montessori? Niko Tanga

Mama Nasra
Wakuu habari. Binti yangu kutwa maswali: maji yakipwa yanakwenda wapi, kaa mbona anatembea upande. Sitaki hamu hiyo izimike. Hela yangu inatosha jambo moja tu: tableti yenye michezo ya kujifunzia, au muhula wa chekechea ya Montessori, ile ya mtoto kujichagulia kazi. Nichague lipi?

Mkwezi
Umri? Bajeti? Mtaa? Au tupige ramli?

Baba Wawili
Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: chini ya miaka 2 skrini hapana, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Nunua vitabu vya picha, msome naye.

Chuda_21
Wa kwangu kajua herufi zote kwenye tableti. Msitishe watu.

Baba Wawili
Herufi hata kasuku atazitamka. Mama kauliza hamu.

Mwasiti wa Makorora
Dada, majengo yasikudanganye. Mwanangu nilimtia chekechea moja ya Kiingereza, jina silitaji. Alikuwa mtoto wa kupenda kuokota vitu: makombe ya baharini, mbegu za mbuyu, misumari, vyote anavipanga barazani kwa ukubwa. Kule madaftari manne, kunakili tu, na kazi za nyumbani juu. Akikosea anasimamishwa mbele, wenzake wanamzomea. Muhula haujaisha, akisikia honi ya basi la shule anaingia uvunguni. Kuokota kaacha, kuuliza kaacha. Nikamtoa, akashinda na bibi yake wakihesabu nazi. Maswali yakarudi, taratibu.

Mkwezi
Shule mbaya hiyo, Kiingereza hakina kosa.

Mwasiti wa Makorora
Mtoto atauliza vipi kwa lugha asiyoijua, kaka?

Mwl. Mstaafu
Turudi kwenye mada. Dk. Maria Montessori alianza Roma mwaka 1907 na watoto wa mtaa wa maskini. Leo jina lake anapaka getini yeyote anayetaka. Mama, omba ukae darasani asubuhi moja. Wa miaka 3 hadi 6 wamechanganywa? Kazi wanajichagulia? Ukikuta wote wanaitikia "a, b, ch" kwa pamoja, ondoka.

Mkwezi
Na awali ya serikali, mwalimu? Haina ada.

Mwl. Mstaafu
Ile ni mwaka mmoja kabla ya la kwanza. Umri bado hatujaambiwa.

Mkwezi
Basi Jumamosi mpeleke Mapango ya Amboni, aone matone ya maji yalivyojenga mawe yanayoning'inia.

Mama Nasra
Ahsanteni. Ana miaka mitatu na nusu, tuko Chumbageni. Huko mapangoni kuna popo?

Mkwezi
Tele. Bebeni tochi.

Baba Wawili
Bajeti hujasema, mama.