Padre mgeni anajifunza Kiswahili Nairobi: shule ya lugha ikifungwa Krismasi, akae na nani?

Katibu wa Jumuiya, Kayole

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu na dada. Parokiani kwetu anaishi padre kijana kutoka Poland aliyefika Kenya baada ya Pasaka, na tangu hapo huenda shule ya lugha kila asubuhi, kwa kuwa shirika lake halimpi mtu kazi ya kichungaji kabla hajajifunza kuzungumza na watu. Shule itafungwa katikati ya Desemba na haitafunguliwa hadi Epifania ipite. Baraza la parokia limegawanyika kuhusu namna ya kumsaidia katika majuma hayo, nami nimeombwa nikusanye maoni ya wenye uzoefu.

Wapo wanaosema aende akapumzike kwa mapadre wa nchi yake walio nje ya jiji, kwani hii ni Krismasi yake ya kwanza mbali na wazazi na uchovu unaonekana usoni. Wengine wanahofia kwamba akizungumza Kipolandi majuma yote hayo, aliyoyapata kwa shida yatamponyoka. Mimi na mume wangu tungependa kumchukua hadi nyumbani Machakos, ila mama mkwe wangu na wazee wa pale huzungumza Kikamba kutwa, na sijui kama tutakuwa tumemsaidia au tumemwongezea mzigo. Paroko naye angependa asome Injili katika Misa ya usiku tarehe 24 na atoe mahubiri mafupi. Je, si mapema mno? Nauliza kwa uzito kwa sababu nimemwona jumuiyani akibaki kimya wakati wote tunacheka, na roho huniuma.

Mwalimu mstaafu, South B

Dada Katibu, kazi yangu ilikuwa kuwafundisha Kiswahili wamisionari waliofika hapa kutoka mabara mengine, kwa hiyo swali lako nalifahamu vizuri. Kinachomrudisha nyuma mwanafunzi wa Kiswahili jijini Nairobi si likizo. Ni upole wetu. Mgeni akikwama kidogo tu katikati ya sentensi, sisi humhurumia na kugeukia Kiingereza, naye hushukuru na kufuata, na siku inaisha hajamaliza hata sentensi moja ngumu kwa nguvu zake mwenyewe. Ukitaka kumsaidia Desemba hii, mtafutie watu wasio na mazoea hayo.

Watu hao hapo kwenu wapo. Ni kweli kwamba jiji hupungua sana wakati huo, kama anavyojua yeyote aliyewahi kugombania kiti katika kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi wakati nauli imepanda. Hata hivyo wapo wanaobaki: walinzi wa magorofa, wauguzi wa zamu ya usiku, wasichana wa kazi ambao hawakupewa ruhusa, familia zilizokosa nauli, na huko Kayole pia wakimbizi wengi kutoka Kongo ambao hawana kijiji cha kurudi mwezi huo. Kiswahili cha Wakongo kina ladha yake na si kila neno lao limo katika vitabu vya shule, lakini kinatiririka, na wengi wao hawakimbilii Kiingereza kwa sababu Kiingereza ni kigeni kwao pia. Padre akiwatembelea jioni kwa jioni, bila daftari, atasikia na atalazimika kujibu. Isitoshe, hao ndio watu ambao padre angepaswa kuwatembelea msimu huu hata kama angekuwa mzaliwa wa Lamu.

Kuhusu Injili, ninamuunga mkono Paroko, ila tuangalie ni Misa ipi. Misa ya jioni ya mkesha ina Mathayo 1:1-25, yaani ukoo mzima wa Yesu pamoja na majina yake yote. Hata wasomaji wetu wazoefu hujikwaa humo, na ingawa ufupisho unaruhusiwa, nisingemwanzisha hapo. Misa ya mchana ina Yohana 1:1-18, ambayo maneno yake ni mepesi na maana yake ni nzito mno kwa mtu anayehesabu silabi. Misa ya usiku ina Luka 2:1-14, na hiyo inamfaa kabisa, kwa sababu ni kisa ambacho kanisa zima linakijua, na padre akisitasita, waumini watakuwa wamekwisha kufika mbele yake katika kisa na watamngojea. Zaidi ya hayo, katika Kipolandi mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, kwa hiyo usomaji wake utaingia masikioni bila taabu. Mnapofanya mazoezi, angalieni th na dh, ambazo lugha yake haina. Mahubiri yasizidi nusu ukurasa, na ayaandike mwenyewe. Asitafsiriwe na mtu.

Mmisionari Mkenya, Lang'ata

Mwalimu amesema vyema kuhusu Injili, lakini naomba tusimfanye padre huyu kuwa mwanafunzi tu. Mimi ni Mkenya niliyetumwa Msumbiji, na Krismasi yangu ya kwanza ugenini ilinikuta Maputo nikiwa bado darasani ninajifunza Kireno. Kule tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya taifa inayoitwa Siku ya Familia, na watu huichukulia hivyo hasa: kila mtu yuko kwa wazazi wake. Padre aliyezoea kushauri watu na kufariji wafiwa hujikuta hawezi kumwambia mjane neno lolote zaidi ya salamu, na kila jioni kichwa humuuma kwa kusikiliza. Huo ukimya unaouona jumuiyani, dada, mara nyingi ni wa mtu aliye na mengi ya kusema na hana njia ya kuyatoa. Usiuchukulie kama tabia yake.

Kwa hiyo mpeni nafasi ya kuwa nyumbani walau saa chache. Kwa Wapolandi, kilele cha Krismasi ni chakula cha jioni cha tarehe 24, kinachoanza nyota ya kwanza inapoonekana. Hawali nyama jioni hiyo. Kwa desturi huandaliwa vyakula vya aina kumi na mbili, wote humegeana mkate mwembamba unaoitwa opłatek huku wakitakiana heri, na mezani huachwa nafasi moja tupu kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Majira ya baridi Poland iko nyuma yetu kwa saa mbili, na jua lao huzama mapema sana, hivyo wazazi wake watakapoketi mezani saa kumi jioni, hapa itakuwa saa kumi na mbili. Msimpangie mazoezi wala ziara wakati huo. Azungumze nao kwa lugha yake hadi aridhike, kisha aje kusoma Luka.

Siafiki apelekwe kwa wenzake kwa majuma yote, lakini akienda kulala huko usiku mmoja au miwili baada ya Krismasi, asionekane kuwa amewakimbia. Na hiyo desturi ya mezani aieleze mwenyewe jumuiyani kwa Kiswahili kabla ya sikukuu. Darasani huzungumzia mambo ambayo mwalimu anayajua tayari. Hapo atakuwa anaeleza jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua, na watu watamsikiliza kwa hamu ya kweli.

Mzaliwa wa Kitui, Donholm

Shemeji, kwa kuwa umeolewa Ukambani, nakuomba usiogope kumpeleka. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuwazika mkewe na mtoto wake mchanga katika miezi ya kwanza tu, hakuishia kwenye Kiswahili cha pwani. Alifika hadi kwetu Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, na ni kutoka huko, tarehe 3 Desemba 1849, alipouona Mlima Kenya. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Kusikia Kikamba hakukumharibia Kiswahili.

Halafu, Krismasi kijijini si Kikamba kitupu. Vijana hurudi kutoka Nairobi na Mombasa, watoto wa shule wapo nyumbani, na kanisani nyimbo nyingi ni za Kiswahili. Mama mkwe wako akitaka kusema na mgeni, atamtafutia mjukuu wa kumtafsiria kwa Kiswahili, na mjukuu huyo atakuwa mwalimu mzuri kuliko unavyodhani.

Katibu wa Jumuiya, Kayole

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimezungumza na Paroko pamoja na padre mwenyewe. Atabaki Nairobi hadi tarehe 25, atasoma Luka katika Misa ya saa tatu usiku tarehe 24, na jioni hiyo kuanzia saa kumi na moja hakuna atakayemsumbua. Tarehe 26 tutasafiri naye hadi Machakos, na akirudi atakwenda kwa wenzake hadi mwaka mpya. Alifurahi mno nilipomuuliza kuhusu ile nafasi tupu mezani, akaanza kueleza papo hapo, akakwama, nami nikakaribia kumsaidia kwa Kiingereza, ila nilikumbuka aliyoandika Mwalimu nikanyamaza hadi alipomaliza. Mwalimu, nina swali moja tu: akikosea upatanisho wa kisarufi katika mahubiri, tumsahihishe kabla ya Misa au tumwache?

Mwalimu mstaafu, South B

Kabla ya Misa msahihishe, siku mbili au tatu mapema ili apate muda wa kuzoea, na iwe ni mtu mmoja tu anayefanya kazi hiyo. Siku yenyewe, baada ya Misa, asisahihishwe na yeyote.