Mrejesho: tela la kulala porini, sasa nasimama wima

Wakuu, niliwauliza namna ya kuunda tela jepesi la kambi ambalo nasimama ndani, na RAV4 yangu ilivute bila kuchoka. Asanteni sana, hasa mliosisitiza paa la kunyanyuka. Likishushwa, kimo cha ndani ni sentimita 150. Nikilisukuma juu linafika 195, pembeni turubai. Kuta ni plaiwudi ya milimita 6. Tela zima mzani umesoma kilo 410!

Kushuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu tela lilianza kuyumba mkia, mikono ikanitetemeka. Kumbe tenki la maji nililifunga nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu). Nimelihamishia mbele, sasa ndoano ya gari inabeba kilo 45 za uzito wa tela, na tela limetulia kabisa.

Mama watoto kachana nywele humo ndani akiwa amesimama. Nilifurahi mno.

Mshono wa turubai kwenye kona bado unavuja. Mnaziba na nini?