Kura za Mikronesia Umoja wa Mataifa: ni zao au za Marekani?

Mleta mada: Wadau, Mikronesia ni nchi ndogo ya visiwa katika Pasifiki. Desemba 2017 Baraza Kuu lilipinga hatua ya Marekani ya kuitambua Jerusalem kuwa mji mkuu wa Israel kwa kura 128 dhidi ya 9. Kati ya hizo 9 walikuwamo Mikronesia, Palau, Nauru na Visiwa vya Marshall. Desemba 2023, usitishaji vita Gaza: 153 kwa 10, Mikronesia imo tena. Marekani ndiyo inayowalinda na kuwapa fedha chini ya Mkataba wa Ushirika Huru. Hapo uhuru uko wapi?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, umeokota kura za Mashariki ya Kati tu. Mkataba huo wa 1986 unawaachia mambo ya nje. Kifungu cha 123 kinawataka washauriane na Washington, basi. Ndiyo maana Mikronesia wana uhusiano wa kibalozi na China tangu 1989, wakati Palau na Marshall wameshikamana na Taiwan.

Mchangiaji wa tatu: Kabla hamjarushiana asilimia za kura zinazofanana na za Marekani, semeni zimepigwaje. Chukua kura 10 ambazo Marekani imesema ndiyo au hapana. Kisiwa kimekubaliana nayo mara 4, kimepinga mara 1, kimejizuia (hakikusema ndiyo wala hapana) mara 5. Ukiondoa za kujizuia unapata 4 kati ya 5, yaani 80%. Ukihesabu kujizuia kuwa nusu, 65%. Ukitaka zinazofanana kabisa tu, 40%. Rekodi ni ileile! Halafu kutokuwepo ukumbini si kujizuia: ujumbe wenye watu wachache hukosa vikao, na nchi yenye malimbikizo ya ada ya miaka miwili inaweza kunyimwa kura kwa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ukizichanganya hizo, umeharibu hesabu. Na azimio lililopigiwa kura kwenye kamati kisha ukumbini lihesabiwe mara moja.

Mleta mada: Hesabu nzuri, ila haijibu Cuba. Mwaka 2012 nchi 188 zilitaka vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba viondolewe. Palau ikapinga pamoja na Marekani na Israel. Mikronesia na Marshall wakajizuia. Wana ugomvi gani na Cuba hao?

Mchangiaji wa pili: Hawana, nakubali, ile ni fadhila. Lakini angalia: mikataba yao inafanana, kura hazikufanana. Februari 2025 Marekani ilipogeuka na kupinga azimio la Ukraine dhidi ya uvamizi wa Urusi, Palau na Marshall walikuwa kati ya 18 waliopinga. Mikronesia haikuwamo, ilishavunja uhusiano na Urusi Februari 2022.

Mchangiaji wa tatu: Na kuna jambo ambalo jedwali lolote la kura halitaonyesha. Machi 2023, azimio la kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki maoni kuhusu tabianchi lilisukumwa na Vanuatu na kundi la nchi chache, Mikronesia ikiwamo. Marekani haikulidhamini. Likapita bila kura, kwa hiyo kwenye asilimia zenu ni sifuri. Anayetaka kujua kisiwa kinataka nini aanzie kwenye orodha za wadhamini wa maazimio, ndipo aje kwenye kura.