Rise na raise, lie na lay: nianzie wapi darasani?

Nanyumbu: Wadau, kidato cha pili hapa Masasi bado wanaandika "The price of cashew nuts raised" na "They rose the price". Fomu tatu za kila kitenzi wamezikariri, lakini wakitunga sentensi wanarudi palepale. Lie na lay ndiyo wanazikoroga kabisa.

Mikindani: Mwalimu, anzia kwenye Kiswahili, tofauti hiyo wanayo tayari. Bei imepanda: rise. Wanunuzi wamepandisha bei: raise. Raise lazima iwe na yambwa (kinachotendewa), ndiyo maana "The price raised" inaning'inia: imepandisha nini? Asiyetaka kumtaja mpandishaji aandike "The price was raised". "Was risen" hapana, kwa kuwa rise haina yambwa ya kugeuzwa kiima. "Has risen" ni sawa.

Wasikie na matamshi: raiz, reiz. Toa imla ya sentensi fupi, utaona nani hazitofautishi kwa sikio.

Kilwa_Kivinje: Kwa lie na lay, yambwa peke yake haitoshi. Lay ni kitenzi chenyewe (kulaza), tena ndiyo wakati uliopita wa lie (kulala). Chukua korosho za kuanika juani:

"We lay the nuts on the mat every morning." Tunazilaza, kila siku.
"The nuts lay on the mat yesterday." Zilikuwa zimelala, jana.
"We laid the nuts on the mat yesterday." Tulizilaza.

Kwa hiyo maswali ni mawili: kuna yambwa? Ni lini? Lie, lay, lain. Lay, laid, laid. Lie ya kudanganya (lie, lied, lied) iache kwa kipindi kingine.

Nanyumbu: Na "The tree was fallen by the farmer"?

Mikindani: Jozi ya aina ileile. Fall, fell, fallen ni kuanguka. Fell, felled, felled ni kuangusha, hasa mti kwa kuukata. "The farmer felled the old cashew tree."

Ila waonye mapema: jozi kama hizi ni chache, mabaki ya mnyambuliko wa kutendesha (kama panda, pandisha) uliokuwepo kwenye lugha walikotoka Kiingereza na Kijerumani. Vitenzi vingi havibadiliki: "The door opened", "She opened the door". Increase nayo hivyohivyo: "The price increased" na "They increased the price" zote sahihi. Nadhani "The price raised" yao inatokea hapo, wanaipa raise uhuru wa increase. Ziandike ubaoni zikiwa tatu pamoja, rise, raise, increase, kwa sentensi ileile ya bei.