Winchi haibebi hata chupa ya maji: makasha matano, wanafunzi 56

MwlChumbageni
Walimu wenzangu, habari za kazi. Shule ya sekondari hapa Tanga mjini imepokea mtaala wa sayansi na uhandisi kutoka shirika lisilo la kiserikali. Somo la kwanza ni kuunda winchi ya kunyanyua gramu 200. Makasha ya vifaa ni matano, wanafunzi wa Kidato cha Pili 56, kipindi dakika 40. Mota inazunguka vizuri ikiwa tupu. Ukining'iniza chupa inakwama na kupata moto. Niongeze betri? Na mthibiti ubora akija akakuta tunaunda winchi, nimwonyeshe nini?

FundiNgamiani
Betri ziache kwanza. Mota ndogo ina mbio, haina nguvu. Ikikwama inavuta mkondo mkubwa kuliko inapozunguka, na nishati yake yote inaishia kuwa joto kwenye koili. Ukiilazimisha, ile rangi inayokinga waya inaungua na mota imekwenda.

Punguza mbio upate nguvu. Kata duara tatu za boksi gumu: mbili za kipenyo cha milimita 40, moja ya 34. Ndogo ikae katikati, gandisha kwa gundi, tayari una puli yenye mfereji. Ekseli ni spoki ya baiskeli ya milimita 2. Rababendi itoke kwenye shafti ya mota, nayo ya milimita 2, ije kwenye puli. 34 kwa 2 ni 17, kwa hiyo kwa hesabu nguvu ya kuzungusha inapanda mara 17 na mbio zinashuka kiasi hicho hicho. Mezani utapata pungufu, maana mpira huteleza.

Sasa sikia panapoharibika: kamba ya mzigo ijiviringishe kwenye spoki yenyewe. Wanafunzi hupenda kuweka kigurudumu cha uzi cha milimita 30 kwa sababu kinapendeza. Hicho kinakula mara 15 ya ile 17, umebaki pale pale ulipoanzia.

Kwaruza spoki kwa msasa kabla ya kutia gundi, la sivyo puli itazunguka peke yake. Mpira ukilegea unateleza. Ukikazwa mno unaivuta shafti upande na mota inakwama hata bila mzigo. Na ingawa mji wetu ni wa mkonge, kamba ya katani usiitumie hapa, ni ngumu, haikubali kujikunja kwenye spoki. Chukua uzi wa nyavu. Mkonge upeleke kwenye mnara wa kushikilia winchi: mlingoti wake mkavu ni mwepesi na unakatika kirahisi kwa msumeno.

MratibuVifaa
Naongezea kwa fundi. Pima volti mota ikiwa na mzigo, si ikiwa imezimwa. Betri mbili za 1.5 zilizofuatana zitasoma karibu 3 zikiwa zimepumzika hata kama zimechoka. Mota ikianza kuvuta ndipo ukweli unajitokeza. Betri za kaboni za bei rahisi hushuka haraka sana kwenye kazi hii, za alkali zinastahimili. Zitoe kwenye vishikio kila kipindi kinapoisha, zikivuja humo springi imekufa. Hewa ya bahari nayo inatia kutu kwenye springi na klipu, kwa hiyo hifadhi vitu kwenye ndoo yenye mfuniko na upitishe msasa kabla ya somo. Kosa la "saketi haifanyi kazi" mara nyingi ni kutu tu.

Kuhusu idadi: makundi 14 ya watu wanne. Mota tisa zinazopungua waulize mafundi redio wa Ngamiani, ile ya kutolea trei kwenye deki mbovu ya DVD. Mara nyingi inakuja na mpira na puli yake. Omba vipindi viwili mfululizo. Dakika 40 zinaishia kwenye gundi.

Mwl_Fizikia_Pangani
Mwalimu, walichokuletea kiite zana, usikiite mtaala. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Winchi iandike kwenye azimio la kazi na andalio la somo kama zoezi la vitendo la mashine rahisi, na barua ya halmashauri kuhusu shirika hilo iwe kwenye faili la mkuu wa shule.

Ila zoezi lisiishie "imenyanyua". Wapime ufanisi. Gramu 200 ni kama niutoni 2. Zikipanda nusu mita ni juli 1. Mota ikila volti 3 na ampea 0.4 kwa sekunde 4, imetumia juli 4.8. Ufanisi ni kama asilimia 21. Waache wabishane zile nyingine zimepotelea wapi. Programu ya Engineering is Elementary ya Makumbusho ya Sayansi ya Boston, Marekani, ina hatua tano: uliza, waza, panga, unda, boresha. Walimu wengi huishia ya nne kwa kukosa muda. Kata kwingine, ya tano usiiguse.

MwlChumbageni
Nimewapata, asanteni. Mzigo ukishafika juu, kuushusha je?

FundiNgamiani
Geuza nyaya za betri, mota itazunguka kinyume. Chini weka kitambaa, unashuka kwa kasi kuliko ulivyopanda. Na chupa yenyewe ina uzito, ipime kwanza ndipo ujaze maji.