Wanaouza safari za "ngome za Wakathari" kusini mwa Ufaransa wanatudanganya mchana kweupe

Wakuu, salaam.

Nina hasira, na sitaificha. Huku kusini mwa Ufaransa kuna kampuni za kutembeza wageni zinazouza safari ya siku moja ya "ngome za Wakathari", yaani ngome za Wakristo wa zamani walioitwa wazushi na kuchomwa moto. Sisi tunaoishi Toulouse tunazinunua kila wageni wanapotutembelea kutoka nyumbani, kwa sababu huko milimani bila gari hufiki. Mwezi uliopita nilimlipia baba mkwe na mimi mwenyewe. Mzee ni mwalimu mstaafu wa historia, ametoka Tanga, na alichoniomba ni kimoja tu: aione Montségur, ngome yao maarufu, kwa macho yake. Kampuni sitaitaja maana madai yangu bado yako mezani kwao. Ila walichotufanyia nakisema chote.

Tangazo lilisema ngome nne, kiongozi mtaalamu, matembezi mepesi.

Nianze na hayo matembezi mepesi. Montségur iko juu ya jabali, mita 1,207 kutoka usawa wa bahari. Njia ni mwinuko mtupu, na yale mawe ya chokaa yamesuguliwa na nyayo za watu mpaka yanateleza hata wakati wa jua kali. Kijana mwenye pumzi zake anapanda kwa nusu saa na zaidi. Sisi tulipewa dakika hamsini za kupanda, kuangalia na kushuka. Mzee wa miaka sabini na kitu! Hakuna aliyetuuliza kabla kama kuna mtu mzima kwenye kundi, hakuna aliyesema tubebe maji wala tuvae viatu vya maana. Kuna mama mmoja alikuja na ndala, akaishia kwenye kibanda cha tiketi na kurudi chini.

Kiongozi mtaalamu alikuwa ni dereva. Simlaumu kwa udereva, barabara za kule ni kona tupu na aliendesha vizuri. Ila njia nzima alitusimulia kuhusu kikombe alichonywea Yesu, eti kimefichwa Montségur, na hekalu la jua, na hazina iliyoteremshwa usiku kwa kamba. Hadithi hiyo ya kikombe ilipata umaarufu miaka ya 1930 kupitia Mjerumani mmoja, Otto Rahn, ambaye baadaye aliingia SS, kikosi cha Wanazi chini ya Himmler. Ndiyo tuliyouziwa kama historia. Kuhusu watu waliochomwa moto pale, hakutamka neno hata moja mpaka baba mkwe alipouliza.

Kwa wasiojua, nieleze. Wakathari walikuwa Wakristo wa huku kusini waliokataa mamlaka ya Roma na mapadri wake. Wenyewe walijiita Wakristo wema. Mwaka 1208 mjumbe wa Papa aliuawa, na mwaka uliofuata Papa Innocent III akawaletea vita vya msalaba. Tarehe 22 Julai 1209 mji wa Béziers ulichinjwa, Mkathari na Mkatoliki bila kuchagua. Vita vilisafisha njia, kisha likaja baraza la kuwasaka wazushi kijiji hadi kijiji. Mwaka 1242 watu kutoka Montségur walishuka wakawaua wasakaji kule Avignonet, na hapo mfalme wa Ufaransa akaamua kuimaliza ngome. Jeshi lake liliizingira kuanzia Mei 1243. Ilipojisalimisha Machi 1244, waliomo walipewa majuma mawili ya kuchagua: ukiikana imani unaondoka, ukikataa unachomwa. Tarehe 16 Machi zaidi ya watu mia mbili walichomwa chini ya mlima ule. Wapo waliojiunga na imani hiyo ndani ya majuma hayo mawili, wakijua fika kinachowasubiri.

Sasa sikilizeni kinachoniumiza zaidi. Ile ngome unayoipiga picha juu ya Montségur SIYO yao. Ngome ya Wakathari ilibomolewa baada ya kuanguka, mlima akapewa Guy de Lévis, mtu wa upande wa washindi, na kuta zinazosimama leo zilijengwa baadaye. Kilichobaki cha wenyewe ni matuta na misingi ya nyumba zao, upande wa kaskazini mashariki nje ya ukuta. Ni mawe ya chini yasiyo na fahari, nyumba ndogo zilizobanana ukingoni mwa genge. Baba mkwe alijua, alishasoma. Aliniambia, "Mwanangu, tusipoteze muda humu ndani, twende nyuma ya ukuta." Tukazunguka. Alikuwa ndiyo kwanza ameinama anaangalia jinsi walivyochonga mwamba kuweka msingi, simu yangu ikaita: dereva anasema wote wameshafika kwenye gari, tunachelewesha watu.

Na si Montségur peke yake, ngome nyingine tatu za safari yetu ni hivyo hivyo. Puivert ilitekwa mwaka 1210 na mnara wake mkubwa ni wa karne ya 14, umejengwa na ukoo wa Bruyères uliokuja na watekaji. Quéribus ilikuwa kimbilio la Wakathari kweli, mpaka ilipoangukia mikononi mwa mfalme mwaka 1255, lakini unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wahandisi wa mfalme. Peyrepertuse hivyo hivyo: sehemu ya juu kabisa, San Jordi, iliamriwa na mfalme Louis wa Tisa mwenyewe. Mkataba wa Corbeil wa 1258 uliweka mpaka wa Ufaransa na Aragon, ufalme wa upande wa Hispania, hapo hapo, kwa hiyo mfalme aliziimarisha ziwe walinzi wa mpaka. Mwaka 1659 mpaka ukasogezwa kusini hadi milima ya Pirenei, zikakosa kazi, zikaachwa zibomoke. Hiyo ndiyo historia yake, na inapendeza vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Yaani ni sawa na mtu akupeleke Fort Jesus akwambie hiyo ni ngome waliyojenga wenyeji wa Mombasa kujikinga na Wareno. Mtu wa Mombasa angekubali? Hapa mjenzi ni yule yule aliyewachoma, halafu jina la waliochomwa linabandikwa kwenye tiketi ili biashara itoke.

Puivert kuna chumba juu mnarani chenye wanamuziki waliochongwa kwenye jiwe, kila mmoja na ala yake. Mimi nilitamani sana kukiona. Tulipewa muda wa kufika uani na kutumia choo. Quéribus upepo ulikuwa unavuma kiasi cha kumyumbisha mtu kwenye ngazi, tukapanda hivyo hivyo, tukafika kwenye ukumbi wa nguzo, nguzo moja nene inabeba dari lote na wala haiko katikati, na hapo hapo tukaambiwa tushuke. Na ngome ya nne, Peyrepertuse? Tulisimamishwa kando ya barabara, tukaonyeshwa kwa kidole. "Ile pale juu." Tukapiga picha ya mwamba kwa mbali, safari ikahesabiwa imekamilika. Euro 95 kwa kichwa, na tiketi za kuingilia tulijilipia wenyewe getini.

Lakini lililonifanya nishindwe kulala ni la asubuhi, pale chini ya Montségur. Kwenye uwanja wanaouita wa waliochomwa kuna jiwe la ukumbusho lililosimikwa mwaka 1960, limeandikwa kwa Kioksitani, lugha ya asili ya huku kusini, kwa ajili ya Wakathari, mashahidi wa upendo safi wa Kikristo. Wakati wa kwenda tulipitishwa haraka. Wakati wa kushuka mzee akavua kofia, akasimama mbele yake anajaribu kuyasoma yale maneno taratibu. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Mtu amesafiri kutoka Tanga, amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, anapigiwa honi mahali walipochomwa watu zaidi ya mia mbili!

Nimewaandikia kudai. Jibu lao: ratiba ilifuatwa. Sikubali. Sheria ya Ufaransa inasema kampuni ya utalii ikiongoza wageni ndani ya majumba ya makumbusho na majengo ya kihistoria yaliyosajiliwa, lazima itumie kiongozi mwenye kitambulisho cha taaluma hiyo. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: nani anatuongoza, na kitambulisho chake kiko wapi? Uliza pia muda wa kila ngome kwa maandishi, na kama "kutembelea" maana yake ni kuingia. Wakizungusha maneno, acha. Changeni watu wanne, kodini gari, mwende Montségur peke yake siku nzima. Pandeni asubuhi kabla ya jua, nendeni nyuma ya ukuta kwenye yale matuta, mkishuka muingie makumbusho ya kijijini mkaone vitu vilivyofukuliwa pale juu.

Mimi nakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya wateja, na nitawarudishia mrejesho hapa hapa. Kama kuna mdau alishawahi kurudishiwa pesa na kampuni za aina hii, aweke hapa alivyofanya: aliandika nini, aliambatanisha nini. Na kama kuna mwenye gari maeneo ya Toulouse au Carcassonne anayekwenda huko kabla ya mwisho wa mwezi, mzee bado yupo, tunachangia mafuta.