Re: Re: Barua ya fidia, 1099, na upele wa mbwa

Binti Malindi, Jumanne usiku

Asalaam alaykum jamaa,

Naomba msaada na naomba msinicheke. Mnajua natembeza mbwa wa watu, zile oda za kwenye simu. Wiki tatu nyuma nilikuwa na mmoja wa manyoya marefu, rangi ya asali, jina lake refu kushinda langu. Akanichoropoka, akaingia kichakani nyuma ya uwanja wa mpira, akajigaragaza humo hadi akaridhika. Akanirudia mkia unapiga kama feni, nami kwa furaha ya kumpata nikamkumbatia nimfunge kamba.

Siku ya pili jioni mikono inawasha. Ya tatu, malengelenge yamejipanga mstari kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko kama mtu amenipigia rula. Kidevu nacho. Daktari kutupa jicho tu: poizoni aivi, mmea wa huku unaobabua ngozi. Mbwa mwenyewe hana hata kipele kimoja.

Siku sita sikufanya kazi. Nikajaza fomu ya fidia. Jana barua imekuja: mimi si mwajiriwa, ni 1099, yaani najitegemea mwenyewe, dai limekataliwa, nina siku 14 za kukata rufaa. Swali langu ni moja tu: nikate rufaa hivyo hivyo, au nitangulize SS-8, ile fomu ya kuwaomba IRS, watu wa kodi, waamue kama ni mwajiriwa au la? Nani kalipitia hili?

Mzee wa Columbus

Pole mwanangu. Hiyo sahau. Ulisaini W-9, fomu ya anayejitegemea, au W-4, ya mwajiriwa? Kama ni W-9, umejiandikia mwenyewe kwamba huna tajiri. Mimi nilipokatwa kidole kiwandani nilikuwa W-2, mwajiriwa kamili, nikalipwa, lakini ilichukua miezi minane na nilitakiwa barua ya msimamizi wa zamu, ambaye alikuwa ameshahamia Texas. Nilimpata kupitia mkewe. Hadithi ndefu, nitaiandika siku nyingine.

Huo mmea ni upupu wa Kizungu. Jipake jivu.

Nesi wa Virginia

Mzee, heshima yako, lakini jivu hapana, na upupu sio. Upupu unawasha kwa vile vinywele vya ganda lake. Huu ni mafuta, yanaitwa urushioli, yamo kwenye majani, shina na mizizi, hata wakati wa baridi majani yakishapukutika. Mbwa hadhuriki kwa urahisi kwa sababu manyoya yanayazuia yasifike kwenye ngozi, labda tumboni na puani palipo wazi. Lakini anayabeba. Wewe ukimkumbatia unapakwa kama rangi ya ukutani, ndiyo maana ya huo mstari.

Bibie, kamba uliioshaje? Kola je? Mafuta hayo hukaa kwenye kitu miezi, hata miaka. Nina mgonjwa aliyepona, akavaa viatu vilevile vya bustani, akarudi kwangu na upele mpya.

Mwamu wa Minneapolis

Hapa ndipo elimu ya wazee inapoonekana. Sisi Shafi tumeambiwa mbwa akikugusa na umajimaji unaosha mara saba, moja kwa udongo. Bibi yangu pale Langoni asingepata hii poizoni aivi katu. Lamu yetu ni punda na paka, mbwa utamwona wapi?

Nesi wa Virginia

Ndugu yangu, twahara ni twahara na mafuta ni mafuta. Hapa kinachotakiwa ni sabuni, maji mengi, na haraka, ndani ya dakika kumi hivi ukiweza, kabla ngozi haijayanywa. Mbwa naye aogeshwe kwa shampuu yake, na anayemwogesha avae glavu. Na kabla hamjaanza: maji ya malengelenge hayaambukizi mtu. Na msiuchome moto huo mmea, moshi wake unaingia mapafuni.

Mwamu wa Minneapolis

Sijasema usitumie sabuni. Soma vizuri.

Shela Boy

Mnaona ajabu ya nini? Huo mmea ni ndugu wa mkanju na mwembe, ukoo mmoja kabisa. Nani kati yetu wa Malindi hajababuka midomo kwa korosho? Tulikuwa tunachoma kwenye bati la debe nyuma ya nyumba, ganda linatema mafuta, moto unaruka, mkubwa mmoja anafukuza moto kwa mchanga. Halafu kuna yule asiye na subira, anapasua kwa meno kabla haijaiva. Wiki nzima shuleni mdomo mweusi na kila mtu anajua alikuwa wapi. Utomvu wa embe ni mambo yaleyale. Binti Malindi, angalia, ngozi yako ikishaujua huo mmea, hata maganda ya embe yanaweza kukuwasha. Menyewa na mtu.

Mwamu wa Minneapolis

Shela ipi wewe, ya kwetu au ya Malindi?

Shela Boy

Ya Malindi. Shela sio mali yenu peke yenu.

Mama Watatu

Mmenitia hamu ya mabibo. Yale mekundu, maji yake yakidondokea kanzu doa halitoki mpaka kiama. Dukani hapa korosho ni kibati kidogo, bei kama dawa. Na mikanju ya babangu huko Kilifi imekatwa kuni, yote. Walipozuia kuuza korosho mbichi nje mwaka 2009 walisema ni kwa faida ya mkulima. Mkulima gani? Wabunge wetu walikuwa wapi?

Mzee wa Columbus

Walikuwa Nairobi, walipo leo.

Msimamizi

Siasa pelekeni kwenye kundi jengine, nimeshasema. Na habari za futari ya pamoja mbona hamjajibu? Ukumbi unataka malipo Ijumaa.

Binti Malindi, Ijumaa usiku

Asanteni nyote. Kamba sikuiosha, Nesi. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango muda wote huu, na leo shingoni pameanza upya. Nimeiosha kwa glavu, kola yake pia. Yule mbwa nimeletewa tena kwenye oda za kesho saa mbili asubuhi, na nimekubali kwa sababu kodi ya nyumba haijui upele.

Siku zimebaki 10. Rufaa au SS-8, jamani?

Mzee wa Columbus

SS-8 ndiyo ipi tena?